Kwa mwenye diploma ya ugavi aliyetuma maombi 34: fungua daftari lako la field

Mdogo wangu, nimelisoma swali lako mara mbili. Una diploma ya ununuzi na ugavi, umemaliza mwaka jana, umetuma maombi 34 na hujaitwa hata kwenye usaili mmoja. Sasa unauliza kama shida ni CV au ni kukosa mtu wa kukushika mkono. Kujuana kupo, sitakudanganya. Ila nimeisoma CV uliyoiweka, na ina kasoro ambayo unaweza kuimaliza mwenyewe ndani ya siku mbili. Nakwambia hivyo kwa sababu nimekaa pande zote mbili za meza. Nilitafuta kazi miezi kumi na minne, kisha miaka ya baadaye, nikiwa mtunza stoo mkuu wa kampuni moja ya usambazaji hapa Mwanza, nikawa mmoja wa watu watatu waliokuwa wakichuja maombi.

CV yangu ya kwanza niliandikiwa stesheneri, jirani na stendi. Kijana wa pale alifungua CV ya mteja aliyepita, akafuta jina, akaweka langu. Dakika ishirini tu nikawa na nakala tano mkononi, nimeridhika. Nilizunguka nayo karibu mwaka mzima. Siku moja mama mmoja wa ofisi ya utumishi alinipokea bahasha mlangoni, akaifungua nikiwa bado nimesimama, akasoma kidogo, akaniuliza kwa upole, "Binti, kwani wewe ni muuguzi?" Kwenye aya ya juu, ile ya Kiingereza ya kueleza malengo, ilikuwa imebaki sentensi kwamba natamani kuwahudumia wagonjwa kwa upendo. Nilishaipeleka hivyo hivyo ofisi zaidi ya ishirini. Nilirudi nyumbani kwa miguu, nikakaa nikaiandika upya kwa mkono, mstari kwa mstari.

Yako haina kosa kama hilo, lakini aya yake ya juu ni ile ile ya stesheneri: mchapakazi, mwenye kujituma, anayeweza kufanya kazi bila kusimamiwa. Yanaweza kuwa kweli yote. Ila kila mwombaji ameyaandika, kwa hiyo hayamsaidii anayechuja kukutofautisha na mwenzako.

Ngoja nikueleze mchujo ulivyo kwa ndani. Tulitangaza nafasi moja ya mtunza stoo, tukapata maombi 212. Tulikaa jioni tatu baada ya kazi. Meneja alichora jedwali lenye visanduku vitano: elimu, kazi ya stoo aliyowahi kufanya, kompyuta, anapoishi, simu inayopatikana. Mmoja anasoma CV, mwingine anajaza. Kisanduku cha stoo kisipopata cha kujazwa, karatasi inahamia rundo la kushoto. Hakuna aliyekuwa na chuki na mtu, tulikuwa tumechoka na muda ulikuwa mdogo. Ukiwa na kurasa nne zinazoanza na jina la baba, kabila, dini, hali ya ndoa na shule ya msingi, unatulazimisha tukutafute ulipojificha. Na hayo ya kabila, dini na ndoa hayana kazi pale: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamkataza mwajiri kubagua kwa misingi hiyo, basi usijaze nayo ukurasa.

Katika yale maombi 212 kuna moja naikumbuka mpaka leo. Binti hakuwahi kuajiriwa hata siku moja, kama wewe. Chini ya field, yaani mafunzo ya vitendo kazini, aliandika hivi: wiki 8, stoo ya dawa, hospitali ya wilaya. Nilijaza kadi za stoo za aina 140 za dawa na vifaa tiba. Nilishiriki kuhesabu mali mara mbili. Hesabu ya pili ilikuta tofauti kwenye aina 6, nikasaidia kutafuta chanzo kwenye hati za kutolea mzigo. Nilipanga upya rafu tatu ili dawa inayoisha muda mapema itangulie kutoka.

Meneja aliweka kalamu chini akasema, "Huyu amegusa mali." Aliitwa, na ndiye tuliyemchukua.

Sasa rudi kwenye yako. Umeandika: field, kitengo cha ununuzi cha halmashauri, wiki 8, nilijifunza mambo mengi kuhusu ununuzi na ugavi. Basi. Wiki nane za kuamka alfajiri na kupanda daladala, umezifunga kwenye sentensi moja isiyoonyesha umefanya nini. Inaniuma kwa sababu najua ulifanya kazi. Unalo daftari la field, lile ambalo msimamizi alikuwa anasaini. Lifungue ukurasa kwa ukurasa, utoe humo vitu vinavyohesabika: maombi mangapi ya vifaa uliyaandika kwenye rejista, hati ngapi za kupokelea mzigo ulizilinganisha na oda na ankara, mafaili ya wazabuni uliyoyapanga. Umetaja kwamba unaujua TANePS, ule mfumo wa zamani wa serikali wa kununua kwa mtandao, na nadhani hiyo ni ya notisi za darasani. Tangu mwaka 2023 ununuzi wa umma umehamia NeST, mfumo mpya uliochukua nafasi yake. Mtu wa fani akiona TANePS peke yake anajua umeshika nadharia ya zamani. Kama pale halmashauri uliwahi kuona NeST ikitumika, iandike. Ila uwe mkweli kwenye kitenzi: kama ulikuwa unamtazama afisa akiingiza taarifa, sema ulishuhudia, usiseme uliingiza. Kwenye usaili watakuuliza hatua inayofuata.

Halafu kuna jambo umelitaja kwenye swali lako kana kwamba ni la aibu: tangu umalize unamsaidia mjomba wako duka la vifaa vya ujenzi. Kwenye CV halipo kabisa! Mdogo wangu, hiyo ndiyo kazi yenyewe. Unapokea saruji, unahesabu nondo, unaandika daftari la madeni, unajua bidhaa ipi inakwisha mwanzo wa mwezi. Liweke juu ya field, na mwezi ulioanza. Usijipe cheo kikubwa. Msaidizi wa duka na stoo panatosha, kisha mistari minne ya unayoyafanya.

Mpangilio wenyewe haunisumbui sana. Jina, simu, barua pepe ya jina lako, mji unaoishi. Mistari mitatu ya wewe ni nani, iliyoandikwa upya kwa kila tangazo ukitumia maneno ya tangazo hilo kama kweli yanakuhusu. Kazi, elimu, wadhamini. Kurasa mbili zinakutosha kabisa. Namba ya NIDA usiisambaze kwenye kila CV unayotuma, itoe pale inapotakiwa rasmi.

Wadhamini, hapa nisikilize. Tulimpigia mdhamini wa kijana mmoja ambaye alikuwa karibu kabisa kupata. Yule mwalimu akajibu, "Nani? Mimi nimefundisha wengi." Tukasikia kelele za darasa, simu ikakatika. Kijana hakuwa na kosa lolote, ila hakumwambia mwalimu wake. Wapigie watatu wako leo, waulize kama wanaridhia, kisha watumie CV yako ili wakiulizwa wakumbuke.

Kwa kazi za serikali mambo ni tofauti kidogo, maana kule unajaza kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma na tangazo linakwambia kila kinachotakiwa. Lisome mpaka mstari wa mwisho. Hapo ndipo imeandikwa kwamba hati ya matokeo ya kidato cha nne haipokelewi badala ya cheti, na kwamba barua ya maombi iwe na sahihi. Nimeona pia kwamba cheti chako cha kuzaliwa kina Ally na cha kidato cha nne kina Ali. Nenda kwa wakili ukaape hati ya kiapo mapema, usisubiri siku ya usaili. Na kwa fani yetu, anza kufuatilia usajili wa Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, kwa sababu matangazo mengi yanauliza.

Usitume ombi la 35 kwanza. Fungua daftari la field, toa mistari mitano ya ulichofanya kwa mikono yako, na mingine minne ya dukani kwa mjomba. Iandike hapa kabla ya Jumapili, nitaisoma yote na nitakwambia ningeiweka rundo gani.