Gemu ya mpira ya kila mwaka: inakua kweli au tunauziwa jezi mpya?

Tangu FC 26 itoke Septemba 2025, wengi mmeniuliza kama mfululizo huu wa EA Sports, uliokuwa ukiitwa FIFA hadi toleo la 23, una jipya la maana. Haya hapa majibu.

Ukiacha majina na jezi, uchezaji wenyewe umeboreka?

Umeboreka, tena sana, lakini si kila mwaka. Unakaa kimya misimu kadhaa, kisha unaruka.

FIFA 10 ilimruhusu mchezaji kugeuka upande wowote badala ya zile pande nane za zamani, na chenga zikabadilika kabisa. FIFA 12 ikagusa ulinzi. Kabla yake ulibana kitufe kimoja tu, beki akamganda mshambuliaji hadi apokonye mpira. Ghafla ikabidi usimame kwenye nafasi, usubiri, uchague sekunde ya kutia mguu. Wengi walilalamika kwamba wanafungwa mabao ya kizembe, lakini kwangu hilo ndilo badiliko kubwa kuliko yote, maana kwa mara ya kwanza kukaba kulihitaji akili.

Baada ya hapo nasita kutaja mwaka baada ya mwaka. FIFA 17 ilihamia injini ya Frostbite, yaani programu inayoendesha picha na mwendo wa gemu. FIFA 23 ikaleta klabu za wanawake za Uingereza na Ufaransa, jambo lililochelewa mno. FC 25 iliboresha mbinu: kila mchezaji anapewa jukumu, hivyo beki wa pembeni anaweza kuingia kati timu ikiwa na mpira, kama tunavyoona Ligi Kuu ya Uingereza. Na FC 26 imegawa uchezaji mara mbili, mmoja wa kasi kwa wanaoshindana mtandaoni, mwingine wa taratibu unaofanana zaidi na mpira halisi. Naupenda uamuzi huo. Kwa miaka mingi walilazimisha watu wa aina mbili wacheze kitu kimoja, na kila sasisho likamuudhi mmoja wao.

Mimi ni mtu wa Career Mode, ile ya kucheza peke yako msimu baada ya msimu. Mbona sisi tunasahauliwa?

Kwa sababu nyinyi mnalipa mara moja. Ultimate Team, ambako unajenga kikosi kwa kufungua pakiti za wachezaji, ilianza mwaka 2009 kama nyongeza ya FIFA 09, na katika mwaka wa fedha wa 2021 aina hiyo ya mchezo iliingizia EA dola bilioni 1.62 kwenye gemu zao zote za michezo, sehemu kubwa ikitoka FIFA. Mtu ananunua pakiti bila kujua atapata nani ndani, anakosa, ananunua tena. Ubelgiji iliona hiyo ni kamari, na mapema 2019 EA wakaacha kuuza nchini humo pointi za FIFA, zile za kununulia pakiti. Natamani nchi nyingi zaidi zingefuata, hasa kwa ajili ya watoto. Pesa ikiwa upande ule, wahandisi nao wanapelekwa upande ule.

Dakika ya 88 naongoza, mara wachezaji wangu wanakuwa wazito. Gemu inanionea?

Shutuma hiyo ilifika hadi mahakamani California mwaka 2020, wadai wakisema ugumu wa mechi unabadilishwa kwa siri ili watu wanunue pakiti zaidi. EA walikana, wakawaonyesha maelezo ya kiufundi, na mwaka 2021 wadai wakaiondoa kesi. Kabla ya kulaumu, tazama nguvu za wachezaji wako wa kiungo. Ukikimbiza watu tangu dakika ya kwanza, dakika ya 88 hawana pumzi.

Nina FIFA 19 ya PS3. Nimekosa nini?

Kwa PS3, FIFA 18 na 19 zilikuwa Legacy Edition: mchezo wa zamani, vikosi na jezi mpya, basi. Frostbite haikuwahi kufika kwenye mashine hiyo. Kwa hiyo hata uliponunua ikiwa mpya, ulinunua mpira wa miaka ya nyuma. Ukipata PS4 iliyotumika, utaona tofauti siku hiyohiyo.

Kaka, PES ya zamani, ile gemu ya mpira ya Konami, haikuwa tamu zaidi?

Kwa wakati wake ilikuwa tamu zaidi, sibishi. Naamini FIFA 10 na 12 zilizaliwa kwa sababu Konami walikuwa wakiwabana. Mwaka 2021 Konami walizindua eFootball ya bure ichukue nafasi ya PES, ikiwa mbovu mno, wachezaji wakiwa na nyuso za kutisha, na EA wakabaki bila wa kuwakimbiza. Sisi wachezaji ndio tumeumia.

Nina FC 25. Ninunue FC 26?

Ukicheza mtandaoni kila siku, nunua, maana wenzako wote watahamia huko. Ukicheza na ndugu sebuleni, baki na FC 25. FC 26 ya PS5 ilitoka kwa dola 70 hivi, na bei ya gemu hizi hushuka sana miezi michache tu baada ya kutoka.