"Alizikula" au "alizila"? Kula na maana zake

Swali: Mwanangu aliandika katika insha: "Konda alizikula pesa za nyanya, ikawa imekula kwake." (Nyanya hapa ni bibi.) Mwalimu alipiga mstari mwekundu chini ya sentensi nzima, akaandika "Sheng". Nyumbani ndivyo tusemavyo. Kosa li wapi? (Mzazi, Likoni)

Jibu: Mzazi mwema, hapo kalamu nyekundu imepita mpaka. Sentensi hiyo ina mambo matatu, na Sheng si mojawapo.

Kwanza, kula pesa. Hicho ni Kiswahili cha tangu na tangu. Mtu hula riba, hula rushwa, hula mali ya yatima, na hakuna adhaniaye kwamba noti zimetafunwa. Kula ni kukiingiza kitu kwako kisirudi. Ndiyo maana gari linakula mafuta, kutu inakula chuma, na gauni pana linakula kitambaa. Ingia jikoni Kibokoni: wali wa nazi uko mekoni, tui limekauka, mpishi anaibonyeza punje kwa vidole na kukuta kiini bado kigumu. "Mchele huu wala maji," atasema, kisha ataongeza tui jepesi na kufunika tena. Sijui neno jingine fupi litakalomtosha hapo. Hata kwenye bao, kete za mwenzako unazila, ingawa hazitoki ubaoni. Unazipanda upande wako.

Wala si lazima kitu kimezwe. Tambuu hutafunwa pamoja na popoo na chokaa, maji yake mekundu yakatemwa, na bado twasema fulani anakula tambuu.

Kuna tawi la pili ambalo watu hulisahau: kula kwa maana ya kupokea linalokufika au kujitwika jambo. Huku ndiko kuliko kula hasara, kula kibao, kula kiapo au yamini, na kula chumvi nyingi, yaani kuishi miaka mingi. Kula Idi ni kuisherehekea, hata kama siku hiyo hukupata biriani.

Pili, kosa la sarufi lipo, nalo ni "alizikula". Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Shina -la lina silabi moja tu, na viambishi -na-, -me-, -li- na -ta- havibebi mkazo. Kwa hiyo ku huletwa iwe mhimili: anakula, amekula, alikula, atakula. Lakini kiambishi cha mtendwa, kama zi, m au i, hujibebea mkazo chenyewe, na ku haina kazi tena: alizila, amemla, ataila. Ni vivyo hivyo katika hajala, akila, hula na ale. Usidanganywe na "hakula". Ku ya hapo ni ya kukanusha wakati uliopita.

Wasemao Kimvita, lahaja ya Mombasa, husema yuwala (anakula), na ku haimo. Lakini tahadhari kidogo: "gari lala mafuta" ni sahihi kabisa, ila kwa maandishi msomaji atadhani gari limelala. Andika linakula.

Kosa jingine lisikikalo sana kwenye matatu ni "pesa zimekulwa". Kauli ya kutendwa ni -liwa: pesa zimeliwa. Na soli ya kiatu iliyochakaa upande wa kisigino imelika.

Tatu, "imekula kwake". Huu ni msemo wa mtaani, unaeleweka Mombasa hadi Dar es Salaam, kwa maana ya "hasara ni yake". Hiyo i- haisimamii nomino yoyote inayotajwa, ndiyo sababu msemo haufai kwenye masimulizi ya insha. Ndani ya alama za kunukuu, mhusika anaposema, ningeuacha. Na katika sentensi ya mwanao una ila kubwa kuliko umtaani wake: "kwake" ni kwa nani, konda au nyanya? Msomaji hawezi kujua. Aandike: "Konda alizila pesa za nyanya, naye nyanya akala hasara."

Limebaki jambo moja ambalo mtoto aambiwe mapema. Kula kukichukua mtu kuwa ndiye mliwa, maana hubadilika ghafla. "Amemla" na "ameliwa" mtaani huwa matusi ya chumbani, hata kama msemaji alikusudia ulaghai tu. Kinga yake ni kutaja kilichopotea: "nimeliwa chenji yangu", si "nimeliwa" peke yake.