Miaka 15 kazini, kuna haja ya kusoma tena? Jibu la fundi friji

Mkuu umeuliza mtu mwenye cheti na miaka 15 kazini arudi kusoma ili iweje, wakati kazi anaijua na wateja wanamfata. Mimi ni fundi friji, nimeanza mwanzoni mwa miaka ya tisini, na hilo swali nilishajijibu vibaya mwenyewe, ngoja nikusimulie.

Wakati najifunza, friji za nyumbani gesi ilikuwa R12. Haiwaki, inaelewana na oili ya kawaida, raha tupu. Mkataba wa Montreal wa 1987 ulikuwa umeshaanza kuiondoa sababu inakula tabaka la ozoni, ila sisi pale benchi nani alituambia? Ikaja R134a, tukaipakia kwa mazoea na oili ileile, kompresa (ile pampu ya kusukuma gesi) zikawa zinakufa baada ya muda tunasema eti hizi gesi mpya ni feki. Kumbe haichanganyiki na ile oili, oili ikitoka inabaki huko kwenye mapaipu, kompresa inasagika kavu. Hilo nimelijua nikiwa nimeshaua kompresa za watu, na siyo moja.

Ungedhani nimekoma. Wapi.

Ikaletwa friji haigandishi vizuri. Nikatoboa paipu nikafunga geji ya presha, nawasha, mshale unashuka chini ya sifuri. Kwa macho yangu ya R12 hiyo ni gesi imeisha, wala sikufikiria mara mbili, nikavuta mtungi wa R134a nikaongeza. Friji ikazidi kuwa mbovu, kompresa inaunguruma na moto juu. Nikasema basi naimwaga naanza upya, nikawasha moto niachanishe paipu ya filta. Dogo niliyekuwa namfundisha akanishika mkono, "Fundi, umesoma kibandiko?" Kimeandikwa gesi R600a, gramu 55, na alama ya moto ndani ya pembetatu ya njano. R600a ni isobutani, ndugu yake kabisa gesi ya kupikia, na mimi nimeshika moto sentimita chache kutoka kwenye paipu.

Na ule mshale chini ya sifuri ulikuwa sawa tu!! Hiyo gesi upande wa kompresa kunyonya presha yake inakuwa ndogo kuliko ya hewa ya nje, ambayo ndo sifuri ya geji, ndo ilivyo. Tulipokuja kuipima kwa utulivu shida ilikuwa feni ya ndani haizunguki.

Sasa ona, nisichokijua hakijawahi kuniponza sana, kwa sababu nisipojua nauliza. Kilichotaka kuniunguza ni kitu ninachokijua vizuri, ambacho miaka ya nyuma kilikuwa sahihi kabisa. Mkono unafanya kabla kichwa hakijashtuka, na kadiri uzoefu unavyokuwa mkubwa ndo mkono unavyozidi kuwa mwepesi, hapo ndo hesabu yako ya miaka 15 inapogeuka.

Siyo kwamba kila kitu kimekufa, usije ukatupa daftari. Presha ikishuka kimiminika kinachemka kwa joto dogo, hiyo haibadiliki. Kuvuta hewa na unyevu wote kabla ya kupakia gesi, vilevile. Ila kupima gesi kwa kushika paipu uone imepoa mpaka wapi, ule ufundi tuliokuwa tunajivunia, kwa gramu 55 ni upuuzi, unataka mzani.

Kuhusu darasani sikulazimishi, kozi nyingine ni kupiga picha na cheti tu. Mimi naanza na kibandiko, hata mashine niliyoifungua mara mia, halafu nasoma kitabu cha watengenezaji kurasa ambazo zamani nilikuwa naruka, na wale vijana nawaacha waniulize mbele ya mteja, inauma mwanzoni. Saa hizi nahangaika na bodi za inveta, zile za umeme zinazobadilisha kasi ya kompresa, yule dogo ananifundisha jioni tukishafunga, na bado zinanipiga chenga.