Bwawa moja la mwanzo? Usitie saini mchoro huo

Usitie saini. Umeuliza mambo matatu: kama mji wenu wa watu wapatao 10,000 usafishe majitaka yake kwa mabwawa au kwa mtambo unaoendeshwa kwa umeme, kama klorini inahitajika mwishoni, na kama maji yanayotoka yanafaa kumwagilia mashamba. Kilichonishtua mimi ni maneno uliyoyapitia kana kwamba ni jambo dogo, kwamba mshauri wenu amependekeza bwawa moja tu la mwanzo, lenye kina kirefu, badala ya mawili, "ili kupunguza gharama". Nilikuwa katika kamati ya mji iliyoelezwa hivyohivyo na mshauri wake, tukampigia mtu yule makofi, na sijawahi kupiga makofi ya bei kubwa kama yale.

Bwawa la mwanzo, lile la kina cha mita 2 hadi 5 lisilo na oksijeni, hutuamisha vitu yabisi na kuwaachia bakteria wavivunjevunje. Penye joto la kutosha, hupunguza karibu nusu ya uchafu unaokula oksijeni, kwa siku chache na bila umeme. Hadi hapo mshauri hadanganyi. Analolinyamazia ni kwamba si kila kinachotuama huoza kikaisha. Wasanifu hukadiria tope la mita za ujazo 0.04 hivi kwa kila mtu kwa mwaka, yaani kwenu kama mita za ujazo 400 kila mwaka, na inashauriwa bwawa liondolewe tope linapofikia theluthi moja ya ujazo wake. Siku hiyo ikifika, majitaka ya mji mzima yataelekezwa wapi wakati bwawa pekee limefungwa? Wananchi hawawezi kutangaziwa kwamba vyoo vimesitishwa hadi tope likauke.

Sisi hatukuwa na pa kuyaelekeza, basi tukawa tunaahirisha. Wakati huohuo magari ya kunyonya vyoo yalikuwa yakimwaga mzigo wake humohumo, ingawa hayakuwamo katika hesabu za mshauri wetu, ambaye alihesabu tu nyumba zilizounganishwa na bomba. Topekinyesi ya mashimo inaweza kuwa na nguvu mara 10 hadi mara 100 kuliko majitaka ya bomba, kwa hiyo gari moja si jambo la kupuuzwa. Tope likapanda, muda wa maji kukaa bwawani ukapungua, na yabisi ikaanza kuvuka kwenda bwawa la pili, ambalo uhai wake hutegemea mwani unaozalisha oksijeni mchana. Bwawa hilo likaacha rangi yake ya kijani likawa la waridi, na wapo waliokuja kupiga picha. Rangi ile ni ya bakteria wanaotumia salfaidi, kemikali ya salfa yenye kunuka, na ni dalili ya bwawa lililozidiwa. Harufu ya mayai viza ilikuwa imekwisha kutoa taarifa kabla yao.

Kilichofuata ni kuchimba bwawa jingine wakati eneo limekwisha kuzungushiwa uzio na mabomba yamekwisha kulazwa, kisha kunyonya tope bichi kwa pampu iliyowekwa juu ya chombo kinachoelea, kisha kugundua kwamba hakuna vitanda vya kulikaushia, yaani viwanja vya kulianikia. Akiba yote iliyosifiwa kikaoni ilimezwa, na deni likabaki. Mshauri, ambaye ripoti yake iliuita mfumo ule "usiohitaji matengenezo", alipotafutwa alijibu kwamba matengenezo ni wajibu wa mmiliki. Natamani angekuwa na ufasaha huo wakati wa usanifu.

Kwa hiyo dai mabwawa mawili ya mwanzo yaliyo sambamba, kila moja na lango lake la kuingizia, na kila moja liweze kubeba majitaka yote kwa muda wakati mwenzake amefungwa. Dai vitanda vya kukaushia tope, njia ya mashine kushukia ndani, na mahali pa pekee pa kupokelea magari, penye chekecheo la kuzuia matambara na plastiki. Hata mkichagua mtambo unaoendeshwa kwa umeme hamtalikwepa swali hili, kwa sababu mtambo huo nao huzalisha tope, tena kwa wingi zaidi, na hulidai njia ya kutokea karibu kila siku.

Kuhusu mashamba, miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 1989 ilitaka yasizidi yai moja la minyoo kwa lita ya maji, na mabwawa yenye muda wa kutosha hulifikia hilo vizuri kwa sababu mayai huzama. Yanazama wapi? Kwenye tope lilelile, na humo huweza kuishi muda mrefu, kwa hiyo msimgawie mkulima tope bichi kwa jina la mbolea.

Katika kikao kijacho mpeni mshauri kalamu, achore mbele yenu njia ya majitaka siku bwawa la kwanza limefungwa. Akiomba muda wa kwenda kulifikiria, mpeni, ila malipo ya awamu inayofuata yasubiri mchoro huo.