Mgogoro kati ya nani dhidi ya nani?

Mwalimu mmoja wa historia anauliza. Mwanafunzi wake ameandika: "Mwaka 1886 mgogoro wa mipaka kati ya Uingereza dhidi ya Ujerumani ulipata suluhu." Je, aandike mpaka au mipaka?

Mipaka ni sawa, mwalimu, mwache. Neno hilo ni ndugu wa kupakana, na mwaka ule hawakuchora mstari mmoja. Walimtengea Sultani wa Zanzibar ukanda wa mwambao wenye upana wa maili 10, wakataja Mto Ruvuma kusini na Mto Tana kaskazini, kisha katikati wakapiga mstari kutoka mdomo wa Mto Umba hadi Ziwa Victoria, ukipinda kaskazini ya Kilimanjaro ili mlima ubaki upande wa Wajerumani. Angekuwa anauzungumzia mstari huo peke yake, angeandika mpaka.

Lakini hilo "kati ya Uingereza dhidi ya Ujerumani" umelipitaje? Hapo ndipo kalamu nyekundu ilipaswa kutua! Kati ya, kama ilivyo baina ya, hudai na: kati ya huyu na yule. Dhidi ya, lenye asili ya Kiarabu, ni la kupinga, tena linajitosheleza: Uingereza dhidi ya Ujerumani, basi. Watangazaji wa mpira wanayafunga pamoja kila wiki, "mchezo kati ya Simba dhidi ya Yanga", magazeti yanafuata, na sasa watoto wanayaingiza kwenye mitihani. Hiyo "na" ni silabi moja tu. Inawagharimu nini kuitamka?

Katika historia hii kosa linakuwa zito zaidi, maana linamficha aliyeumizwa. Mataifa hayo mawili yalishindana kweli tangu Carl Peters, Mjerumani mtafuta makoloni, alipokusanya mikataba yake huko bara, Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami, mwishoni mwa 1884. Hata hivyo, hayakupigana. Aliyeelekezewa mizinga ni Barghash, yule Sultani wa Zanzibar. Aliyapinga madai ya Wajerumani, na Agosti 1885 manowari zao zikaja kutia nanga mbele ya kasri lake Unguja. Waingereza, waliojiita rafiki zake, wakamsukuma akubali. Mwaka uliofuata wakubwa hao wakaafikiana London, yeye hayumo, kisha akaletewa waliyokwisha kuyapatana. Desemba akaridhia. Angefanya nini?

Kwa hiyo, kama mwanafunzi wako anayapenda maneno yote mawili, na ayaweke kila moja mahali pake: "Makubaliano kati ya Uingereza na Ujerumani dhidi ya Sultani Barghash." Sentensi hiyo mpe alama zote. Kwa ile ya kwanza mkate alama, hata kama atakuonyesha gazeti la leo lililoandika vivyo hivyo.