Ukianza kusoma upelelezi wa zamani wa Waingereza, usikimbilie kile kinene

Wapo watakaokwambia uanze na Wilkie Collins kwa kuwa ndiye mkongwe. Sikubaliani nao. The Moonstone, ya 1868, ni riwaya tamu, lakini ni nene na ilitoka kidogo kidogo kila wiki katika jarida la Charles Dickens. Mwandishi alitaka mnunuzi arudi wiki ijayo. Ndiyo maana mzee Betteredge, msimamizi wa nyumba, anapiga soga kurasa kwa kurasa akisifia Robinson Crusoe wake. Mgeni akikutana na soga hizo mapema hukifunga kitabu.

Anza na hadithi fupi za Sherlock Holmes, zile alizozitoa Arthur Conan Doyle katika jarida la Strand kuanzia 1891. Moja unaimaliza kwa kikao kimoja. Na kama umesoma Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, hutapata shida: Bwana Msa mpelelezi na kiko chake, Najum msaidizi wake pembeni, ni ukoo mmoja na Holmes na rafiki yake Watson.

Hapo sasa rudi kwa Collins, na usome polepole, hasa pale penye mlango. Almasi imeibwa usiku. Kwenye mlango uliotoka kupakwa rangi kuna alama ndogo ya kuparuzwa, chini ya kitasa. Ofisa wa polisi wa kwanza anaipuuza, anasema ni sketi za watumishi wa kike waliosongamana pale asubuhi. Sajini Cuff, mpelelezi mpenda mawaridi aliyekuja baada yake, anauliza tu: rangi hii hukauka kwa muda gani? Saa kumi na mbili. Ilimalizwa kupakwa lini? Saa tisa alasiri. Basi kufikia saa tisa usiku ilikuwa imekauka, na asubuhi sketi haiwezi kuiharibu. Msichana mmoja anakumbuka kwamba saa sita usiku mlango ulikuwa safi. Yamebaki masaa matatu, na mahali fulani ipo nguo yenye doa. Nikisoma vitabu hivi huweka penseli karibu na kuandika saa pembezoni. Ukifanya hivyo utafurahia zaidi kuliko kukisia mwizi.

Kwa ujasusi, The Riddle of the Sands ya Erskine Childers (1903) inataka ramani. Vijana wawili wa Kiingereza wanazunguka na mashua kwenye pwani ya Ujerumani, kati ya visiwa na mafungu ya mchanga, na siri yote imefungwa kwenye kupwa na kujaa kwa maji. Aliyekulia pwani ataelewa haraka kuliko msomaji wa bara. Tumia toleo lenye ramani zake, vinginevyo utapotea pamoja nao kwenye ukungu.

The Thirty-Nine Steps ya John Buchan (1915) ni mbio tupu. Bahati zinamwangukia Hannay, mhusika mkuu, mno, lakini usiudhike, endelea tu. Kinachoudhi kweli ni maneno ya chuki dhidi ya Wayahudi kwenye kurasa za mwanzo. Anayeyasema ni mhusika mmoja, ila hewa ya zama zile imo. Utaikuta chuki ya namna hiyo kwa waandishi wengine wa zama zile pia, dhidi ya Wahindi na Waafrika.

Vitabu hivi vyote vya Kiingereza vinapatikana bure mtandaoni, kwenye maktaba ya Project Gutenberg. Ukinunua toleo jipya, ruka utangulizi mpaka umalize riwaya: wasomi wanaouandika humtaja mwizi bila hata kukuonya.