Maswali yenu: kukosa kazi na afya ya akili

Kukosa ajira ndo kunaleta msongo wa mawazo au wenye msongo ndo hawapati ajira?

Vyote vipo ila la kwanza msilikwepe. Mwaka 2009 watafiti Paul na Moser walikusanya tafiti zaidi ya 300, wakakuta asilimia 34 ya wasio na kazi wana matatizo ya kisaikolojia, walio kazini asilimia 16. Na waliofuatiliwa kwa muda, mtu akipoteza kazi hali inashuka, akipata nyingine anarudi kuwa sawa. Sasa kama shida ilikuwa ni yeye tu, mbona ajira imemponya?

Mdogo wangu yuko nyumbani mwaka sasa, analala hadi saa saba mchana. Si uvivu huo?

Hili mnaniuliza kila mara jamani, na kila mara ni uvivu uvivu uvivu. Someni habari za Marienthal, kijiji cha Austria ambacho kiwanda chake cha nguo kilifungwa, watafiti kina Marie Jahoda wakaenda kuwachunguza wanakijiji na ripoti ikatoka 1933. Watu wana muda wote lakini vitabu vya maktaba wakawa wanaazima vichache kuliko walipokuwa kazini, wanaume wanatembea polepole, wanasimama simama njiani, wengi hawabebi tena saa. Hao juzi tu walikuwa wanaamka na kiwanda, kijiji kizima hakiwezi kupata uvivu kwa mkupuo. Kazi inakupa ratiba, inakupa watu wa kukutana nao, inakupa cha kujibu ukiulizwa unafanya nini, vikiondoka hivyo hata kuoga kunakuwa kazi. Mdogo wako huenda usiku anatuma sivii, mchana analala maana mchana ndo mko macho na swali lenu la "umefikia wapi". Acheni kumuuliza mbele ya wageni. Mpe jukumu la kweli la nyumbani lenye saa yake, na umshukuru.

Natumia vidonge vya usingizi vya shangazi, vina shida?

Vina shida, vya mtu havitumiki. Nenda kwa daktari, na pombe usichanganye kabisa.

Mimi nina kazi ila wanapunguza watu, silali. Nahesabika?

Unahesabika. Hofu ya kuachishwa nayo inaumiza, ndo maana wasio na kazi wakiongezeka hata wenye mishahara wanaugua.

Kwani serikali ifanye nini, si kila mtu apambane?

Kupambana na nini kama nafasi hazipo? Nchi 26 za Ulaya ziliangaliwa kuanzia 1970 hadi 2007, ukosefu wa ajira ukipanda kwa asilimia 1, vifo vya kujiua kwa walio chini ya miaka 65 vilipanda kwa asilimia 0.79. Ila penye bajeti kubwa ya kuwarudisha watu kazini, mafunzo na kutafutiwa nafasi, athari ilikuwa ndogo. Finland nao 2017 na 2018 waliwapa watu 2,000 wasio na ajira euro 560 kila mwezi bila masharti, wakasema msongo umepungua. Kwa hiyo haya maumivu yanapunguzika, ni watu kuamua hela iende wapi, msimtupie kijana mzigo wa uchumi mzima. Na wanaodai ada ili wakupe kazi ni matapeli, msitume hela.

Rafiki yangu kaachishwa kazi, anasema amechoka kuishi. Nimwambieje?

Usimhubirie. Muulize wazi kama anafikiria kujiua, usimwache peke yake, mpeleke hospitali leo hii, sio Jumatatu.